Kipimo cha Mlango

Nilipunguzwa kazi reli pamoja na wenzangu wengi, na kwa miezi kadhaa nikawa mtu wa kuamka asubuhi, kunyoa ndevu, kuvaa shati la kazi na kukaa kibarazani kwangu Igogo nikiwaangalia watu wanaokwenda viwandani. Miaka kumi na mmoja nilikata tiketi na kupokea mizigo stesheni ya Mwanza. Vituo vyote mpaka Dar nilivijua kwa mpangilio wake, na kitu kingine cha maana sikukijua. Jirani aliponiambia kuna ofisi mpya mjini inayokodisha ndege, na kwamba wanatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri asiyeogopa simu, nilikwenda na shati lile lile la reli. Nembo tu ndiyo niliyoifumua.

Siku zile kila kitu kilikuwa ruksa. Sangara walikuwa wanapanda ndege kwenda Ulaya wakiwa minofu, sisi tukabakiwa na mapanki, vichwa na mifupa yao, na watu waliokuwa na mtumbwi mmoja sasa walikuwa na malori. Kila mwenye shughuli alikuwa na safari ya Dar. Ndege za abiria zilijaa wiki nzima mbele, hivyo wenye haraka na wenye uwezo walikuja kwetu, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, chenye meza, simu, mashine ya faksi na kiti cha mgeni. Ndege hatukuwa nayo hata moja. Tulikuwa madalali. Mwenye ofisi alishinda Dar, na huku Mwanza ofisi ilikuwa mimi.

Nilijiona mtu. Lazima niseme hivyo, kwa sababu yaliyofuata yalitokana na kujiona huko kama yalivyotokana na kitu kingine chochote.

Jumanne moja asubuhi aliingia mfanyabiashara wa samaki ambaye mjini hapa nani asingemjua, walau kwa magari yake. Alikuwa na mama yake, kikongwe mwembamba aliyefunga khanga mbili. Nikasimama nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mwanawe alibaki amesimama. Baba yake, alisema, amefariki Dar siku ya Jumapili, alikopelekwa kwa matibabu. Kwao ni ng'ambo, ukishavuka Busisi. Alitaka ndege ya kwenda kumchukua, na hakutaka ndege yoyote tu. Alitaka ile kubwa ya injini za jeti, yenye viti vya ngozi, aliyoiona uwanjani siku moja ikiwashusha wakubwa wa machimbo.

Nilimpa pole, kisha nikamweleza kuwa tunaweza kupata ndege ndogo ya pangaboi yenye mlango mpana wa mizigo. Ile ilikuwa inafanya kazi za visiwani na ingetosha kabisa.

"Baba yangu si pipa la dizeli," akasema.

Ningeweza kumbishia. Kazi yangu ilikuwa kujua ndege ipi inafaa safari ipi, na yeye kazi yake ilikuwa samaki. Lakini ndege kubwa ilikuwa na faida kubwa zaidi kwetu, na mtu mwenyewe alikuwa anaitaka, nikajitia hamnazo.

Hapo ndipo yule mama alipozungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, cha polepole, na kila neno alilishusha kama mtu anayeshusha mtungi.

"Mimi ndege sizijui. Mimi nataka kukaa naye."

Mwanawe akamwambia kuwa hilo limeshaeleweka. Mama akaendelea kunieleza mimi, labda kwa kuwa nilikuwa na kalamu mkononi. Kwao, alisema, mtu akifia mbali hawezi kurudi mwenyewe. Anarudishwa kwa kuambiwa njia. Mkivuka mto, aliye karibu naye anamwambia tumevuka mto. Mkipita njia panda, anaambiwa tumeshika upande huu. Asipoambiwa, mwili utazikwa nyumbani lakini mwenyewe atabaki huko huko alikofia.

"Kaka yangu alifia Tanga kwenye mashamba ya mkonge," akasema. "Waliniletea kwa treni, kwenye behewa la mizigo, yuko peke yake. Tukamzika. Mpaka leo hajafika."

Mimi ni mtu wa kanisani, na mambo ya namna hiyo nilikuwa nayasikiliza kwa adabu na kuyaacha hapo hapo. Hayo sikuweza kuyaacha. Mabehewa ya mizigo yenye masanduku ya watu niliyapokea mara nyingi, nikayagongea mhuri kama magunia ya pamba, na haikunijia hata siku moja kwamba kuna dada mahali fulani anahesabu kuwa mtu wake hajafika. Nikamwahidi atakaa naye. Nilimwahidi kwa kinywa changu, mwanawe akiwepo.

Wenye ndege walikuwa Nairobi. Niliwatumia faksi saa nne, na kabla ya saa sita jibu lilikuwa limetoka kwenye mashine. Ndege ipo, walisema, itakuwa Mwanza Alhamisi asubuhi. Watatoa viti viwili ili sanduku likae ndani pamoja na watu, lifungwe sakafuni kwa mikanda. Waliandika upana wa mlango, urefu wake, na kipimo cha kona ambayo mtu akishaingia anakata kuelekea kwenye viti. Walichotaka kwangu kilikuwa kimoja: vipimo vya sanduku. Urefu, upana, kimo. Tafadhali kabla ya jioni.

Yule mama na mwanawe walikuwa bado wapo pale wakingoja jibu. Simu ilikuwa mezani. Ilikuwa kumwambia tu bwana yule, piga Dar, uliza.

Nilishindwa.

Asiye wa kwetu ataona huu ni ujinga, na ni kweli ulikuwa ujinga, lakini haukuzaliwa na mimi. Kwetu watu wenye msiba huwaulizi vipimo vya mtu wao. Hata Igoma, kwa mafundi wanaopanga majeneza kando ya barabara ya Musoma, hutasikia mtu anataja futi. Mwenye msiba anakuja na kamba mfukoni iliyokatwa kwa urefu wa marehemu, anamkabidhi fundi bila neno, fundi anaipokea bila neno. Asiyekuja na kamba anaulizwa kwa mbali tu, alikuwa mtu wa namna gani. Hata neno jeneza tunalikwepa, tunasema sanduku. Sasa nitaje urefu na upana na kimo, mbele ya mjane, nikiwa na rula mezani?

"Mzee alikuwa mrefu?" nikauliza.

"Wa kawaida," mama akasema.

Nikaandika futi sita na nusu kwa futi mbili, na kimo futi moja na nusu. Ndivyo masanduku yalivyokuwa yakiandikwa kwenye hati zetu za mizigo reli. Nikaituma. Na wala sikuona aibu. Niliona nimewatunzia watu heshima yao, na nilipowasindikiza mpaka kwenye ngazi moyo wangu ulikuwa mkunjufu.

Alhamisi ndege ilikuja kama walivyoahidi. Tulikuwa sita: mama, mwanawe, wazee watatu wa ukoo, na mimi niliyekwenda kushughulikia karatasi za uwanjani. Ndani mlikuwa na zulia, viti vya rangi ya maziwa na kabati la vioo. Wazee walivua kofia. Rubani alikuwa Mkenya mpole mwenye Kiswahili cha Mombasa, akatufunga mikanda mmoja mmoja kwa mkono wake.

Mama alitaka kukaa dirishani. Nilidhani anataka kuona, kama kila mtu anayepanda mara ya kwanza. Tulipopaa akaliona ziwa, akaviona visiwa, kisha tukaingia mawinguni na hakuona tena kitu. Aliendelea kuangalia weupe ule na paji lake la uso kwenye kioo.

"Njia iko wapi?" akaniuliza.

Nikaelewa. Alikuwa anaikariri ili wakati wa kurudi aweze kumwambia. Nikamwambia asihofu, njia ninayo mimi, nimeifanyia kazi miaka kumi na mmoja. Nikatazama saa, nikamtajia: hapa ni Shinyanga, hapa tunaikaribia Tabora. Naye alikuwa anarudia kila jina nililosema, taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikumwambia kuwa ndege haifuati reli.

Dar tulikuta joto la kukaba roho. Watu wa kwetu waishio Dar walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha banda, suti nyeusi, jasho linawatiririka. Walikuwa na chama chao cha kuzikana, na mwenyekiti wake alikuwa mzee mmoja mstaafu wa bandari, mfupi, mwenye mvi zilizokatwa vizuri. Huyo ndiye aliyesimamia kila kitu tangu mzee alipofariki. Alimpigia mama goti moja, akampa pole kwa lugha yao, kisha akaongoza njia mpaka kwenye pikapu iliyofunikwa kitambaa cheupe.

Wakakifunua.

Lilikuwa jeneza la mti mzito, limepigwa vanishi mpaka unajiona usoni. Lilikuwa na nakshi pembeni, vishikio vinne vya shaba kila upande vilivyotokeza kama masikio, na kifuniko kilichoinuka juu chenye kioo. Wale watu walikuwa wamechangishana. Makuli, madereva, mama lishe, kila mmoja alitoa, ili mzee wa kwao asirudi nyumbani kama mtu asiyekuwa na watu. Mwenyekiti alikishika kifuniko kwa kiganja. Alikuwa na majivuno ya haki.

Lilipanda ngazi mabegani mwa vijana wanane. Likafika mlangoni likakwama. Wakalirudisha, wakalilaza upande, vishikio vikagonga chuma. Wakaingiza kichwa kwanza, likapita nusu, kona ikalikataa. Mara ya tatu mtu mmoja alibanwa vidole akapiga kelele, na kitu kikasogea ndani ya sanduku, kizito, na kila mtu akakisikia. Wakalishusha.

Mama alikuwa chini ya ngazi. Alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga.

Rubani alinivuta pembeni, lakini si mbali vya kutosha. Mkononi alikuwa na faksi yangu.

"Hivi ndivyo vipimo nilivyopewa," akasema. "Sanduku hili silo lililoandikwa hapa. Nani alipima?"

Mwenye msiba, yule tajiri wa samaki, alikuwa amesogea, anasikiliza. Mwenyekiti naye alikuwa hapo. Nikajikuta nasema, tena bila kigugumizi:

"Vipimo vilitoka huku Dar."

Tajiri akamgeukia mwenyekiti. Alimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Kwamba amechezea maiti ya baba yake. Kwamba watu wa Dar wanajua kuvaa suti tu. Kwamba kazi ya kupima ubao imewashinda. Mzee yule alifungua kinywa. Akaniangalia mimi, nami nikaangalia gurudumu la ndege. Akamtazama mama pale chini ya ngazi, kisha akakifunga kinywa chake. Nilidhani amekosa la kusema. Nilipata nafuu, Mungu anisamehe, nilipata nafuu kabisa.

Tajiri akakata shauri. Sanduku litakwenda kesho na ndege ya abiria, chini, kwenye mizigo. Mama atarudi leo na jeti. Yeye atabaki alisindikize.

Mama alitandika khanga moja juu ya lami, kando ya gurudumu la pikapu, akakaa akanyoosha miguu.

"Mimi siendi."

"Mama, ndege hii nimeikodi kwa ajili yako."

"Nilikuomba nikae naye," akasema. "Sanduku sikukuomba. Ndege sikukuomba."

Mwanawe alizunguka, akafoka, akabembeleza. Akasema watu wameshajiandaa kule nyumbani, kivuko cha Kigongo kikifunga jioni tutalala barabarani, na chakula kitaharibika. Akasema ni aibu mama wa mtu kama yeye kukaa chini kwenye uwanja wa ndege mbele ya wageni. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akageuza uso upande wa pikapu, akaanza kumnong'oneza mumewe, na nikajua anamwambia walipo, na kwa nini hawaendi.

Aliyetuokoa ni yule yule mwenyekiti. Alikuja kwangu, si kwa tajiri.

"Mlango una upana gani?" akaniuliza.

Nilichokuwa nacho ni ile faksi ya wenye ndege, ndani ya faili langu, nikampa. Aliisoma palepale, kidole kikifuata mstari. Alisoma vipimo vya mlango, alisoma vya kona. Akasoma sentensi ya mwisho, ile iliyoomba vipimo vya sanduku kabla ya jioni, na tarehe ya Jumanne iliyokuwa juu. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. Wala hakunitazama tena. Akapanda gari la mwenzake akaondoka.

Baada ya saa mbili hivi alirudi na sanduku la kawaida, aina ile wanayozikwa nayo watu ambao hawajulikani wamezaliwa wapi. Lilikuwa mbao za msonobari zisizopakwa kitu, jembamba, na badala ya vishikio kamba mbili. Lilikuwa bado linanuka maranda. Kina mama wa Dar walisimama duara wakainua khanga zao juu wakafanya ukuta, na mama akaingia ndani ya ukuta ule. Walipozishusha, jeneza la vanishi lilikuwa wazi na tupu, na mzee wetu alikuwa kwenye sanduku la kamba. Vijana wanne wakapanda nalo ngazi. Likaingia mlangoni, likakata kona, likalala kwenye zulia bila kugusa chochote.

Mwanawe aliingia wa mwisho. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akaweka mikono usoni.

Mama alikataa kiti. Rubani alishindana naye kidogo kisha akamfungia mkanda pale pale sakafuni, kwenye vyuma vilivyokuwa vimeshikilia viti vilivyotolewa. Alikaa na mkono wake juu ya ubao. Nami nikapiga magoti kwenye kiti kilichokuwa karibu naye, saa mkononi, kwa sababu njia nilisema ninayo mimi.

"Tumefika wapi?"

"Morogoro, mama."

Akamwambia. Sikuijua lugha yao, ila Morogoro niliisikia. Baadaye nikamtajia Kilosa, akamwambia Kilosa. Tukafika Dodoma. Hapo mawingu yalipasuka nikaona mabati ya mji, na hata rubani alithibitisha. Mama alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akamweleza mumewe jambo refu kidogo kuhusu Dodoma. Labda walipita hapo siku moja.

Kisha ndege ikainama ubavu. Mbele kulikuwa na wingu jeusi limesimama kama ukuta, na rubani alikuwa analizunguka. Tukaenda upande mmoja muda mrefu, tukageuka upande mwingine, na nje pakawa peupe tena. Niliingia kwa rubani nikamuuliza tuko wapi. Akanitajia namba.

"Jina lake ni nini hapo?"

"Hapana jina," akasema. "Ni hapa tu."

Nikarudi. Mama alikuwa ananingoja, shingo ameinyoosha.

"Sasa je?"

Manyoni, ambayo kwa reli inafuata Dodoma, ilikuwa ulimini. Ingetoka bila taabu yoyote, kama vile futi sita na nusu zilivyotoka, na kama vile lile neno la uwanjani lilivyotoka. Nani angejua? Na kama Manyoni isingekuwa yenyewe, si tungefika Mwanza vile vile? Lakini nilimwona kaka yake yule wa Tanga, kwenye behewa ambalo pengine nililigongea mhuri mimi.

"Mama, sijui."

Akanitazama.

"Tumezunguka mvua. Sijui tuko wapi."

"Basi mwambie wewe," akasema. "Mimi sitaki asikie kwangu kitu nisichokijua."

Nilidhani hasemi kweli. Alikuwa anasema kweli. Alinisogezea nafasi. Nikashuka pale kwenye zulia nikaweka kiganja juu ya msonobari, na mimi ambaye kwa Mungu mwenyewe naomba kwa kusoma kitabuni, nikaanza kuzungumza na mtu aliyekufa.

Nilimwambia shikamoo kwanza. Nilimwambia tumetoka Dodoma salama, lakini kulikuwa na mvua kubwa njiani, tumeizunguka, na hapa tulipo sipajui jina. Nilimwambia asikae hapa, aje na sisi, hivyo hivyo. Nilidhani nimemaliza, lakini mkono haukuondoka pale ubaoni. Nikamwambia na yale mengine. Kwamba sanduku lake zuri halikupita mlangoni kwa sababu yangu mimi. Kwamba niliulizwa vipimo nikaandika vya kubuni. Kwamba wale watu wa Dar hawakuulizwa na mtu yeyote, na nilimwacha mzee wa watu anatukanwa kwa kosa langu mbele ya wenzake.

Nilisema kwa Kiswahili, na injini zile hazikuwa na kelele kubwa. Wazee watatu walikuwa wananitazama. Nyuma kabisa, mwanawe aliondoa mikono usoni. Nilingoja anijie. Sikuwa na hofu ya kupigwa, nilikuwa na aibu tu, aibu iliyonijaa mpaka masikioni.

Mama ndiye aliyesema.

"Huyu alikuwa fundi," akasema, akigonga ubao kwa kucha. "Mitumbwi, na haya masanduku. Wote waliokufa upande wetu amewatengenezea yeye. Hakuna aliyewahi kumwona anapima mtu."

"Ndiyo, mama."

"Akiitwa kwenye msiba alikuwa anasimama mlangoni kwanza. Anaweka kamba yake hapo, juu na ubavuni, anaondoka. Mtu atatolewa kwa mlango, si ndiyo? Basi anapima mlango. Nani ataona vibaya mlango ukipimwa?"

Mlango ulikuwa mezani kwangu tangu Jumanne, umeandikwa kwa wino, futi na inchi zake. Ningeweza kupiga simu Dar nikasema kipimo cha mlango ni hiki, na hakuna mjane angeinamisha kichwa. Miaka yote hii naweza kukaa nikala chakula vizuri, kisha hilo likanijia na kijiko nikakiweka chini.

Baada ya muda mawingu yaliisha yote kwa pamoja, na chini pakawa na maji na mawe ya Mwanza. Mama hakuniuliza tena. Aliinuka kwa magoti kadiri mkanda ulivyomruhusu, akaangalia, akaanza kumwambia mumewe haraka haraka, mahali baada ya mahali, kwa sauti ya mtu anayegombana kwa furaha. Mwanawe akaja akakaa chini upande wa pili wa sanduku na suti yake. Alinipita bila kunitazama. Alimwonyesha mama kwa kidole kule kivuko cha Kigongo kilipo, na maji yenyewe, na Busisi ng'ambo, naye mama akamwambia mzee.

Tulivuka na kivuko cha jioni. Watu walikuwa wamejaa njia nzima, na walipoona sanduku la msonobari likishuka kutoka kwenye magari yale makubwa wakanyamaza. Mama alitembea nalo mpaka ndani. Mlangoni alisimama, akasema neno moja, na kina mama wakaanza kulia. Nikamuuliza mzee mmoja amesema nini. Akaniambia amesema, "Umefika."

Jumatatu nilipiga simu Dar. Ilinichukua asubuhi nzima kuipiga, na si kwa sababu ya laini.

Nilimpa mwenyekiti shikamoo, akaitikia. Nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na neno langu la uwanjani, na nikamwambia tajiri ameshajua, nilikiri ndegeni naye akisikia.

"Nilijua," akasema. "Ile karatasi si ilikuwa na tarehe? Na sisi hakuna aliyetuuliza kitu."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Mbele ya yule mama?" akasema. "Alikaa naye?"

"Njia nzima."

"Haya. Ndicho alichotaka."

Nikamuuliza jeneza lile liko wapi. Alisema liko kwake, chumba cha uani. Fundi amekataa kulipokea tena kwa kuwa limeshalaliwa, na wenzake wanaogopa hata kupita karibu, wanataka livunjwe lichomwe. Nikamwambia nitatafuta gari, nitatuma watu waje wamwondolee, ni kosa langu, asibaki na kitu kama kile ndani ya nyumba yake.

"Acha likae," akasema. "Watu wa kwetu tuko wengi huku, mwanangu, na sasa tunazika kila wiki."